Mrejesho: Kuchukua historia ya mgonjwa katika mtihani wa vitendo

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri baada ya kufeli kituo cha historia, yaani sehemu ya mtihani ambapo mtahiniwa humhoji mgonjwa kuhusu ugonjwa wake, katika mtihani wa majaribio, kwa kuwa nilimwuliza mgonjwa maswali mfululizo kama karani wa sensa, na muda ukaisha kabla sijafika kwenye dawa anazotumia. Wiki iliyopita nilifanya mtihani wenyewe, na jana nimejulishwa kwamba nimefaulu.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kuanza na swali la wazi, kisha kunyamaza. Mgonjwa wangu alikuwa mama mwenye kikohozi. Baada ya kumwamkia nilimwomba anieleze tatizo lake tangu lilipoanza, naye akataja mwenyewe kwamba kikohozi kimefikisha wiki tatu, kwamba usiku hulowa jasho hadi hubadilisha shuka, na kwamba magauni yake sasa yanampwaya, hivyo nikabakiwa na machache ya kuuliza: homa, makohozi yenye damu, dawa, na iwapo nyumbani kuna mtu anayetibiwa kifua kikuu. Nilidhani kunyamaza ni kupoteza muda, kumbe maswali yangu ndiyo yaliyokuwa yakiula.

Mazoezi na mwenzangu, tukipimana kwa saa ya simu, nayo yalisaidia. Udhaifu uliobaki ni muhtasari wa mwisho: nilimrudishia mama maelezo yake harakaharaka, nikasahau kumwuliza ana hofu gani juu ya ugonjwa huo, na mtahini hakukosa kuliandika hilo.