Kituo chetu cha reli kati ya Korogwe na Mombo kinang'olewa kipande kwa kipande na hakuna anayejali

Wakuu, nimerudi juzi kutoka nyumbani na hasira haijashuka. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwenye njia ya reli ya Tanga, kati ya Korogwe na Mombo, kuna kituo kidogo kilichoachwa. Jina silitaji kwa makusudi, maana bado kuna chuma pale na wanaokitafuta wanasoma humu kama sisi. Waliokulia upande ule watakitambua. Haikuwa stesheni ya kuwa na stesheni masta na dirisha la tiketi. Treni ilisimama dakika chache, watu wakashusha mizigo, gadi akapuliza filimbi, ikaondoka. Palikuwa na jengo la chumba kimoja lenye baraza, jukwaa la mawe lisilofika urefu wa mabehewa mawili, mwembe, njia ya pembeni ya kupishania treni, na kibao cha zege chenye jina la kituo kwa herufi kubwa nyeusi.

Kibao kimevunjwa. Hakikuanguka kwa uzee, kimepigwa nyundo. Vipande vimezagaa chini ya nguzo zake, na ukiinama ukatazama kwa karibu unaona mifereji myembamba yenye kutu ndani ya zege, pale nondo zilipokuwa zimelazwa. Yaani mtu amepasua jina la kijiji chetu ili apate nondo chache za kupeleka kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nimeokota kipande chenye nusu ya herufi A. Rangi yake haijapauka hata kidogo.

Kengele nayo haipo. Ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichotobolewa upande mmoja na kuning'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Babu yangu alikuwa mtu wa gengi, wale wa kutembea njiani na nyundo ya mpini mrefu na spana, wakikaza bolti na kukagua mataruma yanayolaliwa na reli, na yeye ndiye aliyeturuhusu kuigonga tukiona moshi kwenye kona. Ubavuni mwa kipande kile kulikuwa na maandishi ya kiwandani yaliyochomoza, na mwisho wake mwaka. Sisi watoto tulizoea kuyapitishia vidole: moja, tisa, sifuri, halafu kutu. Tarakimu ya nne ilishaliwa kabla sijazaliwa. Sauti ya chuma kile ilifika hadi kwenye mashamba ya mkonge, na mtu aliyekuwa nyumbani akiisikia alijua ana muda wa kufunga mzigo na kukimbia. Sasa kwenye tawi kumebaki kovu la mnyororo.

Nikaenda kwenye ofisi inayohusika. Nimekaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu. Aliyenipokea hakunijibu vibaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu alikuwa anaamini anachosema. Aliniambia: "Ndugu yangu, vile ni vitu vya Mjerumani, na kwenye orodha ya mambo ya kale havimo. Tuvilinde kwa sheria ipi?"

Nianze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Reli ya Tanga, ya kwanza Tanzania Bara, ilianza kujengwa 1893. Maana yake kila kilichojengwa na reli nchini, kuanzia taruma la kwanza, kimekuja miaka 30 au zaidi baada ya mstari uliowekwa na sheria. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, na ni vizuri inalindwa. Lakini niambieni: mlango uliochongwa 1939 una ulinzi, na kituo kilichopokea watu tangu enzi za babu zetu hakina? Waziri ana uwezo wa kutangaza mahali fulani kwenye Gazeti la Serikali pakalindwa hata kama ni pa karibuni. Kwa hiyo njia ipo. Inahitaji mtu wa ofisini achukue kalamu, aandike, apeleke juu. Mtu huyo anaponiuliza mimi mwananchi "kwa sheria ipi", nashindwa kuelewa kazi yake ni nini.

Sasa hilo la "vitu vya Mjerumani". Hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kampuni ya Kijerumani ilianzia Tanga mwaka 1893. Miaka 3 baadaye ilikuwa imefika Muheza, kilomita kama 40 tu. Fedha zikaiishia, serikali ya kikoloni ikaichukua reli 1899 na kuisukuma mbele: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mjerumani alileta ramani, vyuma na injini. Tuta lile lililonyooka kutoka Korogwe, Milima ya Usambara ikiwa kulia kwako na bonde la Pangani kushoto, liliinuliwa na nani? Liliinuliwa kwa majembe na makarai, na watu wetu, wengi wao wakisukumwa na kodi ya nyumba ambayo mtu hakuwa na fedha ya kuilipa mpaka aende kufanya kazi kwa mkoloni. Ukiita tuta lile la Mjerumani, umemnyang'anya aliyelibeba kichwani.

Tena Mjerumani mwenyewe hakukaa. Mwaka 1916 askari wake walirudi nyuma kwa kuifuata reli hii wakivunja madaraja nyuma yao, na Mwingereza akaja kuyarudishia. Mwingereza ndiye aliyeifikisha Arusha mwaka 1929. Na waliokaza bolti za tawala zote mbili, na baada ya Uhuru, walikuwa watu walewale wa gengi na watoto wao.

Halafu kuna mkonge, ambao bila huo kituo kile kisingekuwa na sababu ya kuwapo. Uliletwa mwaka uleule wa 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, kutoka Florida, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mashamba yalitandazwa kufuata reli, na vituo vidogo vikawekwa kufuata mashamba. Marobota ya singa yaliletwa na vitoroli kwenye reli nyembamba za shambani hadi kwenye njia ya pembeni, yakapakiwa kwenda bandari ya Tanga. Kinyume chake walikuja watu. Manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani.

Babu yangu alikuwa namba. Alitoka Kigoma kijana mdogo, akapanda treni ya Reli ya Kati hadi Morogoro, akapakiwa kwenye lori hadi Korogwe, maana wakati ule reli hizi mbili zilikuwa hazijaungana. Ziliunganishwa 1963, kati ya Ruvu na Mnyusi. Korogwe wakapandishwa treni tena, na aliposhuka, alishukia pale. Alikuwa na blanketi moja. Kwenye jukwaa lile la mawe ndipo alipopangwa mstari na wenzake, wakahesabiwa, akaambiwa namba yake badala ya jina lake. Alitusimulia hilo akiwa mzee wa miaka themanini na bado alikuwa akiitaja namba yenyewe bila kusita. Mkataba ulipoisha aliacha kukata mkonge, akaingia gengi, akaoa Msambaa, akabaki. Sisi wote wa ukoo wetu upande huu tumeanzia kwenye jukwaa lile. Leo mawe yake ya ukingoni yamechomolewa, nimeyaona yamejengewa msingi wa banda la kuku.

Sasa mtu aniambie ni vya Mjerumani.

Mtu mwingine ataniuliza kituo kilikufaje. Sioni kuwa kilikufa kifo cha kawaida. Zamani injini ya mvuke ilihitaji maji na kuni au mafuta kila baada ya mwendo fulani, na njia ikiwa moja, treni mbili lazima zipishane mahali. Vituo vidogo vilikuwa na kazi. Injini za dizeli zilipochukua nafasi, treni ikaweza kupita vituo kadhaa bila kutazama pembeni. Upande wa mkonge, uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, tani kama 230,000. Kisha nyuzi bandia za viwandani zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na miaka iliyofuata ikawa ya kushuka tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mabehewa na injini vikagawanywa. Hadi katikati ya miaka ya 1990 treni za abiria za njia hii zikawa zimekoma. Babu alikuwa bado hai. Aliendelea kwenda kukaa kwenye baraza la kituo kila jioni na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ilipoanza tena, baada ya miaka kama 25, kijiji kizima kilitoka. Nilikuwepo. Watoto ambao hawajawahi kuona behewa la abiria maishani mwao walikaa juu ya tuta tangu alfajiri. Ikapita. Haikupunguza hata mwendo. Sidai kwamba lazima isimame kila penye mwembe, najua ratiba ina mambo yake. Ninachodai ni kwamba mahali ambapo treni haisimami tena pasigeuzwe kuwa shamba la chuma la kila mwenye msumeno wa gesi. Njia ya pembeni, ile ya kupishania, imeshakatwa upande mmoja. Reli ya chuma haibebwi mfukoni. Imekatwa, imepakiwa kwenye kirikuu, imepita barabarani mbele za watu, imepimwa kwenye mizani. Njia nzima hiyo hakuna aliyeuliza?

Na msiniambie haiwezekani kutunza. Nendeni Sigi, chini ya Amani, wilayani Muheza. Kulikuwa na tawi la reli kutoka Tengeni hadi Sigi, kilomita kama 23, lililojengwa na Wajerumani kushusha mbao za misitu ya Usambara Mashariki. Reli iling'olewa zamani, hakuna chuma hata kimoja cha maana kilichobaki. Lakini nyumba ya stesheni masta ilikarabatiwa, ikawa mahali pa kupokelea wageni na kutolea maelezo katika hifadhi ya Amani. Mgeni anaingia, anasoma, anaelewa amesimama wapi. Kwetu bado tuna jengo, tuna tuta, tuna mwembe, tuna wazee wawili watatu waliofanya kazi pale, na treni inapita palepale. Kinachokosekana ni mtu wa kuwatembelea wazee hao na daftari kabla hatujawazika.

Barua nimeandika, nakala tatu, nimegongewa mhuri wa kupokelewa. Nitaifuatilia. Wakati huohuo naomba yeyote ambaye mzee wake alikuwa gengi, gadi, dereva au mpakiaji wa marobota kati ya Korogwe na Mombo aandike hapa anachokumbuka: kituo gani, mwaka gani, alilipwa nini, alikaa nyumba ipi. Picha kama zipo, hata iliyofifia, wekeni. Zile tiketi ndogo za karatasi ngumu kama kuna bibi anazo sandukuni, zipigeni picha.

Na wewe uliyenunua chuma upande wa Korogwe miezi hii ya karibuni, tazama kwenye lundo lako. Ukikuta kipande cha reli, urefu wa mkono, kina tobo upande mmoja na ubavuni panasomeka 190 na kutu, usikipeleke kuyeyushwa. Niambie unataka kiasi gani, nakuja kukichukua mwenyewe.