Nyumba za mkoloni: uliyewahi kuishi ndani, njoo tupeane uzoefu

Mama Wawili: Jumapili nilipeleka watoto nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark. Mdogo akauliza mbona sakafu inalia, nikarudi Kileleshwa mzima mzima, baba akiwa mpishi, sisi kwota ya nyuma. Ile ya Karen ilijengwa 1912, Denmark ikaipa Kenya baada ya uhuru, leo makumbusho. Yetu ni ghorofa. Mwingine?

Fundi Ngara: Sisi kwota za reli. Mwenye nyumba alikuwa mchwa.

Mjukuu: Mnalilia nyumba za walionyang'anya ardhi? Babu wa baba yangu alichukuliwa alama za vidole, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kikaning'inizwa shingoni. Kipande House bado imesimama Kenyatta Avenue, watu wanapigia picha.

Mama Wawili: Ikibomolewa mwanao utamwonyesha nini?

Mjukuu: Hatimiliki. Ningekuwa nayo.

Mtoto wa Shamba: Wacheni hayo. Baba alikuwa shamba boi Lavington kwa ajuza mmoja wa Kizungu. Nyuki walikuwa wameishi kwenye dohani miaka, ukuta wa sebuleni ukivuja asali. Julai moja ya baridi mjomba akasema atawafukuza na moshi. Akawasha magogo. Nta ikayeyuka, ikashika moto, dohani ikanguruma kama lori likipanda Limuru. Moto ukaingia kwenye kenchi. Vigae vikapasuka kama bisi, nyuki wakatushukia sisi. Ajuza hataki kutoka. Baba akambeba mgongoni, na yeye huko juu anauliza tu kama saa ya ukutani imetolewa. Haikutolewa. Mimi ndiye nilitumwa, nikaogopa, nikajificha nyuma ya tangi.

Zainabu_K: Wueh!

Kijana wa Umoja: Na asali?

Fundi Ngara: Dohani ikaguliwe kila mwaka, jamani. Na mwenye kuta za mawe za zamani asipige lipu ya saruji. Zilijengwa kwa chokaa, zinapumua. Ukiziba, unyevu unakosa pa kutokea, jiwe linamong'onyoka.

Kaka Mkubwa: Chokaa ni ya Lamu. Piga saruji, mchwa mwagia dizeli.

Fundi Ngara: Dizeli! Umesoma hapo juu kweli?

Mjukuu: Huyo mjomba ni shujaa wa ukombozi.

Mtoto wa Shamba: Shujaa alivimba uso wiki nzima.

Kijana wa Umoja: Sijajibiwa kuhusu asali.

Mtoto wa Shamba: Baba aliirina siku ya tatu. Ilikuwa nyeusi, ina moshi. Tulikula na ugali.