Sayansi ya kompyuta kwa bei nafuu Texas: gumzo la kikundi cha wazazi, Dallas

*Mama Neema:* Shikamooni. Neema anamaliza sekondari Mei 2026, anataka sayansi ya kompyuta. Tuko Garland. UT Dallas na UT Arlington (za University of Texas) na UNT (University of North Texas), ipi nafuu?

*Mzee Imani:* Marahaba mama. Kwa bei ya tovuti, UT Dallas ndiyo ghali hapo. Ila msiishie kwenye tovuti. Tangu vuli ya 2025 vyuo vya mfumo wa UT havimdai ada mkazi wa Texas ambaye AGI ya familia yake (kipato cha mwaka baada ya makato fulani ya kodi) haizidi dola 100,000. Dallas na Arlington zimo. UNT haimo.

*Anti Rehema:* AGI ni mstari wa 11 kwenye fomu 1040 ya kodi, siyo mshahara wa kwenye W-2, ile karatasi ya mwajiri. Na lazima asome muda wote, krediti 12 kwa muhula, na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, ijazwe. Bila FAFSA hata asiye na senti analipa.

*Mama Neema:* Na chumba na chakula?

*Anti Rehema:* Havimo 😅 Ni ada na michango ya lazima tu. Tena wanatanguliza Pell kwanza, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, chuo kinafidia panapopungua. Msiipigie Pell hesabu ya kodi ya nyumba.

*Mzee Imani:* FAFSA ya vuli 2026 inasoma kodi ya 2024. Kama kipato kimeshuka tangu hapo, iandikieni ofisi ya misaada ya fedha ya chuo na hati za kuthibitisha, waangalie upya.

*Mjomba Salim:* Sisi tumepita laki. Dallas College, kile chuo cha miaka miwili, je?

*Anti Rehema:* Hapo ndipo penu, mjomba. Miaka miwili ya kwanza kwa bei ya mkazi wa kaunti, halafu anahamia chuo kikuu. Lakini achukue AS (digrii ndogo ya kuhamia chuo kikuu), SIYO AAS (ya kwenda kazini moja kwa moja). Kozi za programu zenye kodi ITSE zimetengenezwa kwa ajili ya kazi, nyingi zikifika chuo kikuu hazihesabiwi kwenye digrii. Anazotaka ni za sayansi ya kompyuta, COSC 1436, 1437, 2436, na za kalkulasi, MATH 2413 na 2414. Tarakimu ya pili ndiyo krediti: 1436 ni krediti 4.

*Mzee Imani:* Hesabu ndiyo inayowachelewesha. Akianzia MATH 1314 (aljebra), bado ana 2412 (maandalizi ya kalkulasi) kabla ya kugusa 2413, na fizikia inasubiri hapohapo. Miaka miwili inakuwa mitatu, na unafuu wote umeyeyuka. Ajiandae na mtihani wa kupangiwa darasa, asiende kubahatisha.

*Anti Rehema:* Na asiache kozi ovyo. Sheria ya Texas ni sita tu, vyuo vyote vya umma vikijumlishwa.

*Kaka Juma:* Mpwa wangu anatoka Mwanza na F-1, viza ya mwanafunzi. Hizi zinamhusu?

*Mzee Imani:* Hizo za UT hapana, yeye si mkazi. Ila akishinda udhamini wa chuo wa kuanzia dola 1,000, chuo kinaweza kumtoza ada ya mkazi. Nafasi chache, aombe mapema.

*Mjomba Salim:* Gari hana huyu wangu.

*Anti Rehema:* Basi Arlington fikirieni mara mbili, mabasi ya kawaida ya mji hakuna, ni vigari vya kuita kwa simu. Na UNT kompyuta wako Discovery Park, nje ya kampasi kuu.

*Mama Neema:* Ahsanteni sana. FAFSA nafungua kwa akaunti yangu?

*Anti Rehema:* Yako na ya Neema, kila mmoja na barua pepe yake. Na wewe ubonyeze kukubali IRS (mamlaka ya kodi) itume taarifa zako. Usipokubali, msaada wa serikali kuu hapati.