Tupeane uzoefu: neno gani la hospitali liliwavuruga nyumbani, na mlilielewa vipi?

Mwana wa Newala
Habari zenu ndugu zangu wa Kusini. Uzi huu ni wa wote wenye mgonjwa waliowahi kutoka kwa daktari na neno ambalo hakuna nyumbani aliyeweza kulieleza.

Naanza mimi. Mama mkubwa alipata uvimbe kwenye titi. Akaambiwa, "Tutachukua kinyama tukapime." Ukoo ukakaa kikao. Mjomba akashikilia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unatawanyika mwili mzima, na kwetu mjomba akisema amesema. Korosho zilikuwa zimeiva, kila mtu ana haraka, mgonjwa akabaki njia panda.

Aliyetutoa hapo ni nesi mmoja mtu mzima. Alimwita mjomba pembeni, akamwonyesha sindano yenyewe na kichupa cha dawa. Akasema: tunamtia ganzi, tunatoa kipande kama punje ya mchele, kinakwenda maabara kukatwa vipande vyembamba sana na kuangaliwa kwa hadubini. Hakisambazi ugonjwa. Bila kinyama hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama ni saratani au uvimbe wa kawaida, ule unaokua palepale bila kuvamia wala kuhama. Na kama ni saratani, kinyama ndicho kinachosema ni ya aina gani, maana dawa hazifanani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetoa nauli.

Majibu yalirudi: saratani, hatua ya pili. Watu wakaangua kilio, wakidhani imebaki miezi miwili tu ya kuishi. Kumbe hatua ni kueleza uvimbe una ukubwa gani na umefika wapi: bado uko kwenye titi, umegusa tezi za kwapani, au umekwenda mbali kama kwenye mifupa, mapafu au ini. Huko mbali ndiyo hatua ya nne. Mama mkubwa alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na msimu huu yuko shambani.

Binti Lindi
Baba mdogo alikojoa damu muda mrefu, akisema ni kichocho tu cha utotoni. Alipopimwa, saratani ya kibofu. Daktari alitueleza kwamba mayai ya kichocho hunasa kwenye ukuta wa kibofu, yanauchubua miaka na miaka, na seli za pale zinaweza kugeuka saratani. Wenye watoto wanaooga kwenye madimbwi, mkojo wa damu si dalili ya kukua. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, tena ya kumeza.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, neno lililowaliza akina mama mbele yangu ni "mabadiliko ya awali". Tunapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi. Penye kasoro panageuka peupe. Hiyo bado SI saratani. Ni seli zilizoanza kuharibika, mara nyingi kwa kirusi cha HPV, na tukizigandisha au kuzichoma kwa joto mapema, tunaizuia saratani isifike. Mtu akisikia "umekutwa na mabadiliko" anakimbia, harudi. Huyo ndiye ninayemwogopea. Mabinti nao wapelekeni chanjo ya kirusi hicho: ilianza nchini 2018 kwa wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14.

Kijana wa Masasi
Shikamoo mama. Kwetu lilikuwa "tiba shufaa". Kaka zangu walisikia kama vile mzee amekatiwa tamaa, wakataka kumtoa wodini. Kumbe ni matibabu ya maumivu, kichefuchefu, usingizi, na hata hofu ya mgonjwa, na yanaweza kwenda pamoja na kemo (dawa za kuua saratani) au mionzi tangu mwanzo. Alipewa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji ya kunywa. Usiku ule alilala, asubuhi akaomba uji na kuuliza mnada wa korosho umefikia bei gani.

Mama Nachingwea
Poleni na hongereni. Naomba kuuliza: karatasi ya dada yangu imeandikwa "gredi ya 3". Ndiyo hatua ya 3?

Mwana wa Newala
Hapana dada, ni vitu viwili. Gredi ni jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini: namba ikipanda, zimeachana zaidi na seli za kawaida na huwa zinakua haraka. Hatua ni ugonjwa umefika wapi. Mtu anaweza kuwa na gredi ya 3 na hatua ya 1. Mkirudi kliniki mwulizeni daktari hatua yake, na mwombeni aiandike.