Fremu ndogo, mitumba ya zamani: nibaki na nguo tu au niendelee na kanga na redio?

Binti wa Sinza
Wadau, habari za kazi. Nina fremu Sinza, upana mita mbili na nusu. Akiingia mteja mmoja, wa pili anasubiri nje. Nauza vya zamani tu, miaka ya 60 hadi 90. Nguo nazifuata soko la mitumba la Karume alfajiri belo zikikatwa, kabla wachaguzi wa maduka makubwa hawajafika. Kanga na vyombo nanunua kwa kina bibi wa Magomeni na Ilala wanaohama nyumba.

Sasa nimebanwa. Ndani kuna majaketi ya jinzi, magauni ya maua yenye kola ndefu, doti za kanga za kiwanda cha Urafiki ambazo hazijakatwa wala kuguswa na maji, mabakuli ya bati, na redio mbili za mbao. Redio zimekula rafu nzima na tangu masika hazijatoka. Lakini kila anayeingia huanza kuzishika hizo, ndipo anageukia nguo. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Niziondoe?

Na la pili, bei. Mtu anaona jaketi la 50,000 ananiambia "si mtumba huu, Karume elfu saba." Inaniuma, maana najua nilichoshika.

Fundi Tandika
Binti, anasema hivyo kwa sababu hajaonyeshwa tofauti. Ligeuze jaketi mbele yake.

Kama ni Levi's, soma kile kijitambaa chekundu cha mfukoni. Jina likiwa herufi kubwa zote, LEVI'S, hiyo ni kabla ya 1971. Baada ya hapo "e" ikawa ndogo. Ila usiishie hapo, kampuni yenyewe hutoa matoleo mapya ya mitindo yake ya zamani yenye E kubwa. Ingia ndani usome lebo ya kufulia. Nguo ya soko la Marekani yenye maelezo ya maneno matupu, bila michoro ya beseni na pasi, mara nyingi ni ya kabla ya 1997, mwaka waliporuhusiwa kutumia michoro peke yake. Fulana nayo, tazama pindo la mkono: mshono mmoja badala ya miwili inayokwenda sambamba, mara nyingi haijavuka katikati ya miaka ya 90. Na ukikuta "Made in West Germany", hiyo ilitengenezwa kabla Ujerumani haijaungana, Oktoba 1990.

Haya yaandike kwenye kikadi, ukifunge kwa uzi kwenye tundu la kifungo. Usitoboe kitambaa kwa pini! Na zipu ya chuma ikikwama isugue na mshumaa, taratibu, juu na chini. Wanaoing'oa na kuweka ya plastiki wanaua nguo, nimeshaziona nyingi mezani kwangu na bado zinanisikitisha.

Mpwani Kongowea
Dadangu, kanga usiziache hata kidogo. Doti ikikunjwa inakaa mahali pa daftari. Wanunuzi wangu hapa Mombasa husoma pindo kabla ya jina, wakitafuta "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya mfanyabiashara wa kanga wa hapa Mombasa. Za Urafiki, kumbuka kiwanda kilifunguliwa 1968, kwa hivyo mtu akikuletea "ya Urafiki ya mwaka wa Uhuru" mrudishie.

Usizifue. Ule ugumu wa kiwandani ndio anaolipia mnunuzi. Adui wetu huku pwani ni ukungu: hapana mifuko ya plastiki, zifungue mara kwa mara zipate hewa kivulini, na ukizikunja tena badilisha mstari wa mkunjo, la sivyo kitambaa kinakatikia hapo hapo. Mimi huweka karafuu kwenye kijifuko cha kitambaa katikati.

Dalali wa Fremu
Bei ya Karume na ya fremu haziwezi kufanana. Nani kalipa kodi? Shikilia 50,000 yako.

Fundi Tandika
Redio bakiza moja, juu ya mlango, ionekane kutoka barabarani. Ya pili mpelekee fundi redio hata kwa bei ya kurudisha mtaji. Rafu ile inabeba kanga zote.

Binti wa Sinza
Shikamoo fundi, na asanteni nyote. Redio ya kahawia inaondoka kesho, kanga zinahamia pale. Mabakuli nitayatundika ukutani kwa misumari.

Fundi, nina jaketi lina E kubwa ila lebo ya ndani imekatwa. Nyuma ya kifungo cha chini kuna namba. Nikutumie picha?

Fundi Tandika
Marahaba. Tuma. Piga mchana bila flashi: nyuma ya kifungo, kijitambaa chekundu pande zote mbili, na mshono wa mfuko kwa ndani. Bei usimtajie mtu mpaka nizione.