Mtoto akiumia leba, ajibu nesi au ijibu kaunti?

Bint Mtongwe: Jamani nauliza nataka mnijibu kikweli. Mwanangu ana miaka 2, mkono wa kulia umelala tu, kiganja kimegeukia nyuma. Kichwa kilitoka bega likakwama, nesi mmoja akawa avuta kichwa mwengine kanipandia tumboni kwa viwiko. Hakuna aliyenambia lolote, kesho yake nikapewa ruhusa niende nyumbani. Watu wasema ya kushtakiwa ni kaunti ya Mombasa yenye hospitali, mie nasema yule aliyevuta ajibu kwa jina lake. Mwaonaje?

Mkunga Mstaafu: Pole sana mwanangu. Mie nimezalisha mpaka nimestaafu, zamu ya usiku manesi 2 kina mama 9, huyu atoka damu yule asukuma, ukimfunga huyo nesi kesho nani ataingia kazini? Mshtakini aliyetuweka wawili. Halafu tuseme yote, kina mama wa ng'ambo ya feri mwachelewa sana, mwakaa na miti shamba ya bibi chupa imepasuka tangu jana ndio mwaja.

Bint Mtongwe: Nimechelewa mie?? Nimetoka nyumbani saa 3 usiku, saa 5 niko wodini nimelala, nimezaa saa 12 asubuhi. Masaa 7 hayo yote nimepimwa njia ya uzazi mara moja. MOJA. Na hiyo miti shamba sijui hata yauzwa wapi, usinitwike ya watu mama.

Baba Mapacha: Hilo la kuchelewa limeniuma na mimi. Wangu chupa ilipasukia ndani ya tuktuk kwenye foleni ya feri ya Likoni, nimeshika shuka mkononi namuomba askari atupitishe mbele. Lile daraja la kuelea la Liwatoni lilijengewa waenda kwa miguu, mwenye uchungu atembee? Mkitaka kujua nani auwa wamama wa Likoni muulizeni anayetuahidi daraja kila uchaguzi.

Shangazi wa Majengo: Na mtuachie bibi zetu kwanza. Mji huu wote ulipokewa na mikono ya wakunga wa jadi, mama hatukanwi, hapigwi, apewa uji moto na kukandwa. Huko hospitali watu wakimbia matusi, si umbali.

Mkunga Mstaafu: Dada yangu uji sina neno nao. Lakini ile miti ya kuongeza uchungu nimeiona kwa macho yangu, tumbo lakaza halilegei, mtoto hapati hewa, akitoka halii. Na ukweli mwengine niuseme, dripu ya uchungu ya hospitali pia ikiachiwa bila kuhesabu matone yafanya vilevile, ndio huja ule mtindio wa ubongo ambao mama aambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Kijana wa Kisauni: Tumetoka kwa mada watu wangu, dada aliuliza kesi. Si kuna yule mama wa Bungoma alijifungulia sakafuni hospitalini nadhani 2015 korti ikampa milioni 5?

Baba Mapacha: Daraja ndio mada kijana, au wewe huvuki?

Msomi wa Tudor: Alijifungua 2013, hukumu ikatoka 2018, na ilikuwa milioni 2 na nusu. Dada fanya haraka wallahi, kesi ya uzembe mwisho ni miaka 3, ukishtaki serikali ni miezi 12 tu, na wewe huo mwaka ushapita kwa hivyo tafuta wakili wiki hii akwambie kama bado kuna njia, usingoje mwezi uandame. Kwanza omba faili kwa barua, sheria ya kupata habari ya 2016 yawapa siku 21 wakujibu.

Bint Mtongwe: Faili nimeambiwa haionekani. Nilicho nacho ni kitabu cha kliniki, ukurasa wa kuzaliwa wameandika neno moja, kawaida.

Shangazi wa Majengo: Kawaida!! Na mkono je?

Mkunga Mstaafu: Hapo sina la kuwatetea. Ile karatasi ya leba yajazwa saa kwa saa, mpigo wa moyo wa mtoto kila nusu saa, njia kila saa 4, ndiyo yaonyesha mama alipimwa saa ngapi na kukaonekana nini. Karatasi isipokuwepo, nesi mzuri na mbaya wawa sawa. Na bega likikwama halivutwi kwa nguvu mwanangu, miguu ya mama yakunjwa mpaka mapaja yalale juu ya tumbo, mwenzako abonyeza pale juu ya mfupa wa kinena, si juu kileleni mwa tumbo. Ukipanda kileleni bega lazidi kujikaza. Walitwambia hilo tangu chuoni. Lile neno langu la kuchelewa nisamehe, halikuwa lako.

Bint Mtongwe: Nimesikia mama.

Mkunga Mstaafu: Alipofika miezi 3 alikuwa akikunja kiwiko? Maana hapo ndipo mtoto alitakiwa apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wengi mkono hurudi wenyewe, asiyekunja ndiye wa kukimbizwa. Mtu alikwambia?

Bint Mtongwe: Niliambiwa nimkande mafuta ya nazi.

Mkunga Mstaafu: Bado mpeleke, hata sasa kuna operesheni ya kuhamisha misuli na mazoezi. Na akila je, mkono huo waufikia mdomo?

Bint Mtongwe: Haufiki. Huinama yeye, mdomo ndio uufuate mkono.