Nilipoteza parti ya esheki (mchezo wa sataranji) bila gafe (kosa zito la move moja) hata moja, nilipotelea wapi?

pioni_ya_himbi
Salamu yenu wote. Nilicheza na mkubwa mmoja hapa Himbi, Goma, parti ya ubao si ya simu, akanifunga mu finali ya turu (mwisho wa parti, zimebaki wafalme, turu na pioni tu). Kufungwa si shida, shida ni hii: nimeingiza parti yote kwenye Lichess (tovuti ya esheki) nikaomba analizi, Stockfish, ile programu yake ya kuchambua, inaniambia sina gafe, kosa lenye linazidi mengine liko kule mwisho kwenye finali na pale nilikuwa tayari pioni moja chini. Ile grafiki inahamia upande wake polepole tu, hakuna mahali unaweza kuweka kidole useme ni hapa.

Nilikuwa na weusi (herufi za kifaransa kama tunavyoandika huku, C kavaliye yaani farasi, F fu yaani askofu, T turu yaani ngome, D dame yaani malkia, bila herufi ni pioni; x ni kula, 0-0 ni kumficha mfalme pembeni):
1.d4 d5 2.c4 e6 3.Cc3 Cf6 4.cxd5 exd5 5.Fg5 Fe7 6.e3 c6 7.Fd3 0-0 8.Dc2 Cbd7 9.Cf3 Te8 10.0-0 Cf8 11.Tab1 a5 12.a3 Cg6 13.b4 axb4 14.axb4 Fd7 15.b5 Tc8 16.bxc6 bxc6 17.Tb7

Baada ya hapo nililinda c6 mpaka nikachoka, kavaliye yake ikapita a4 ikaingia c5 ikakaa pale kama mwenye nyumba, c6 ikaanguka, finali, basi. Nionyesheni, juu mi sioni.

tchukudu64
Finali ya turu pioni moja chini mara mingi inaokoka kaka. Ulipotelea pale. Jifunze finali.

mzee_wa_ndosho
Tchukudu hajadanganya, lakini akijifunza finali tu basi kila siku atakuwa anajifunza kuokoka.

Mwanangu, zima kwanza hiyo mashine. Inajua move nzuri ni ipi, haijui wewe ulikuwa unatafuta nini. Chukua ubao, rudia toka move ya 10 mpaka 17, na kila move andika kwa kalamu ulichokuwa unawaza, hata kama ni upuuzi, na uandike mapema kabla kichwa hakijaanza kujitungia sababu nzuri. Mi nimeipanga hapa kwangu na niko na swali moja tu: 12...Cg6 uliicheza juu ya nini?

pioni_ya_himbi
Nilitaka kumshambulia mfalme wake mzee, Cg6 alafu kavaliye ingine iende e4, nimeona watu wanafanya vile. Alafu akasukuma b4 nikaogopa upande wa dame, kule kwa a, b na c.

mzee_wa_ndosho
Ndjo hapo sasa. Angalia pioni kwanza, sahau vingine vyote. Baada ya 4.cxd5 exd5 yeye kule kwa dame ako na a na b, wewe uko na a, b na c. Wake wawili wanakuja kugonga wako watatu, b4 alafu b5, na hataki kushinda pioni saa ile, anataka tu ubaki na c6 mbovu yenye haina mwenzake wa kuilinda. Wanaiita shambulio la wachache, ni mambo ya zamani sana, mwaka 1927 kule Buenos Aires Alekhine na Capablanca walicheza parti 34 za ubingwa wa dunia na karibu zote zilikuwa hii Gambi ya Dame iliyokataliwa, ufunguzi kama huu wenu, kwa hiyo usijisikie vibaya kwamba imekusumbua.

Weusi dawa yake ni kwingine. Kolone (mstari wa wima) ya e iko kwako, Te8 imekaa pale, e4 ni nyumba ya kavaliye, unatafuta kubadilishana ile fu yake ya d3 yenye inatazama h7, unamfanya yeye ndo aogope. Wewe ulianza vizuri, Te8, Cf8, Cg6, vyote vimeenda kwa mfalme wake. Alafu 14...Fd7 na 15...Tc8 unarudi kulinda. Umecheza nusu ya mpango huu na nusu ya ule, na mashine haiwezi kukuandikia gafe kwa hiyo kitu juu kila move ukiitazama peke yake iko sawa-sawa tu.

Tc8 yenyewe iangalie tena. Mlipokulana pale b4 kolone ya a ilifunguka, na turu yenye ilikuwa imekaa juu yake ni yako ya a8, za kwake ziko b1 na f1. Ukaitoa mwenyewe ikalinde c6 yenye b7 na fu ya d7 tayari zilikuwa zinailinda. Move mbili baadaye turu yake iko b7 na wewe huna kolone hata moja kule. Kwangu parti ilienda pale, ile ya c6 kuanguka ilikuwa kukusanya deni tu.

kavaliye_bukavu
Mi naona bingine mzee. Huku Bukavu kuna batu banacheza ile kavaliye inabakia d7, mweupe akileta b4 unamujibu b5 wewe mwenyewe, unafunga njia, alafu Cb6, Cc4, na c6 haionekane tena kwa sababu kavaliye imeziba kolone. Hata kushambulia si lazima.

mzee_wa_ndosho
Hiyo iko, tena ni nzuri, lakini tu kama kavaliye inafika c4 kweli. Isipofika, b5 inakuachia c6 nyuma maisha yote na umejifanyia mwenyewe kazi ya mweupe. Yeye yake ya d7 ilishahamia g6, ya f6 iko mbali na c4. Kwa hiyo achague kabla ya move ya 10, akishapiga Cf8 ameshasema anaenda kwa mfalme.

tchukudu64
Mzee sasa Stockfish tuitupe?

mzee_wa_ndosho
Hapana, iite mwisho. Ukishaandika mawazo yako na ukatafuta mwenyewe move mbili tatu badala ya 15...Tc8, hapo ifungue uiulize kila moja, uone inakujibu nini. Kwenye programu ya Lichess inafanya kazi hata bila intaneti, kwa hiyo mega zikiisha si sababu. Na kuiweka hapa mbele ya watu ni vizuri, Botvinnik, bingwa wa dunia toka 1948, alikuwa anasisitiza mchezaji achambue parti zake na kuzitoa wengine wamkosoe.

pioni_ya_himbi
Aksanti sana mzee. Nimekaa na ubao usiku huu, nimetafuta bila mashine. 15...Ta3 je? Turu inabaki kwenye kolone, inamgusa kavaliye wa c3, na hawezi kuila juu fu ya e7 inailinda toka mbali.

mzee_wa_ndosho
Sasa unaanza kucheza! Lakini uliza fu yako itabaki e7 mpaka lini. 16.Fxf6 Fxf6 na ulinzi umeisha, 17.Db2 turu inaulizwa inaenda wapi.

pioni_ya_himbi
Na nikikula na pioni ya g? Fu inabaki e7.

kavaliye_bukavu
Mbele ya mfalme wako ukiharibu hivyo, na dame yake na fu ya d3 binatazama g6 na h7? Mi siwezi.

pioni_ya_himbi
Basi 16...Fxf6 17.Db2 Da5, dame inalinda turu. Hiyo ndo naenda kuangalia kesho kabla ya kufungua Stockfish.